Jina Lako Nililolipeleka Angani

Kwako Baba, huko uliko,

Kila nikipita soko la Nyeri nasikia watoto wakifukuza mbwa mwizi wa nyama. "Shika Theuri, shika Theuri." Nainamisha kichwa, napita. Hilo ni jina lako, na mimi ndiye niliyelimwaga barabarani.

Unakumbuka ulivyonisumbua? Mimi nilipewa jina la baba yako, ndiyo maana uliniita "mzee" tangu nikivaa kaptula. Zamu ya mwanangu ilikuwa kubeba jina lako, na miaka ilikuwa inakwenda, mimi kazi yangu kuchora katuni za gazeti la kila mwezi. "Watu wamefika mwezini," ulisema, "na wewe hata bibi hujapata." Ulicheka, lakini nilijua inakuuma.

Basi nikakuzalia kwa kalamu. Nikachora ile familia iliyohama dunia ndani ya chombo cha mabati, na nahodha, babu wa wote, nikamwita Theuri. Nikamvika koti lako la kaki. Katikati ya mitambo nikamwekea mafiga matatu ya Mama, kwa sababu kwetu nyumba ni pale moto unapowaka, hata kama ni kati ya nyota. Ulilipeleka gazeti kwa kiwanda cha kahawa, ukaonyesha kila mtu. "Ati sasa niko huko juu," ulisema. Sijawahi kukuona ukitembea vile.

Kisha gazeti likaanza kudoda. Mhariri akataka adui, tena adui wa nyumbani, ati ndiye anauma zaidi. Nikamgeuza Theuri. Akawauza wajukuu wake kwa watu wa sayari ya barafu, akayatupa mafiga nje, yakaelea gizani. Toleo hilo liliisha vibandani upesi, Karatina mpaka Murang'a, na mimi nikasifiwa. Wewe ulikuja kwangu ukiwa nalo mfukoni, limekunjwa. Hukuwa na hasira. "Wachira, mimi naweza tupa mafiga?"

Nikakuambia ni hadithi tu. Hukuitazama tena katuni yangu mpaka ulipotuacha.

Baba, nimeoa. Nimechelewa, lakini nimeoa, na mwezi uliopita tumepata mvulana. Mke wangu si mtu mbaya. Alisema tu, "Unataka wamcheke shule yote? Hilo ni jina la yule muuza watoto." Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nilifungua mdomo, nikawakumbuka wale watoto wa sokoni, nikaogopa. Tukampa mtoto jina la baba wa mke wangu, Maina. Naona haya hata kuliandika hapa.

Jana Mama alikuja kumwona, na kibuyu cha uji, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Unawajua wamama wa rika lake. Mjukuu akibeba jina la mzee wao, humwita "mume wangu", humtania, humgombeza kwa kukawia kurudi. Tangu tukuzike, Mama alikuwa anangojea hilo tu.

Nikamwambia jina. Alimpakata, akamfunika miguu, akamtazama sana. Kisha akaniuliza polepole, "Sasa mimi nitamwita nani?"

Pumzika, Baba, na usinisamehe haraka.

Ni mimi,
kifungua mimba wako