Tangawizi ya Butembo Ilipasuka Beni

Jumatano, Beni. Jua inachoma tangu asubuhi. Upande wa Mavivi masasi ya bunduki ililia kidogo, ikanyamaza, batu bakarudi sokoni. Naandika hii na mukono wa kushoto, sababu wa kuume umefungwa bandeji mpaka kwa bega. Musinicheke. Ao mucheke, kosa ni yangu.

Nina ugonjwa ya sukari. Docteur wa Butembo alinikataza bia, kasiksi ya ndizi, soda, yote yenye inafurahisha muzee. Donc najitengenezeaka kinywaji yangu: tangawizi ya kutwanga, limau, tango ya kukata nyembamba, maji baridi. Sukari hata punje. Inakamata koo vizuri, mais haina nguvu. Ni sawa kunywa maji ya baraka.

Njo nikaingiza ujanja. Natia maganda ya nanasi ndani, nafunga chupa na waya, naiacha siku tatu. Kwa baridi yetu ya Butembo inaamka polepole, inafanya gaz kidogo tu. Maganda haiko sukari, najidanganyaka hivyo.

Hapa ni Beni. Joto ya Beni haingojake siku tatu. Nilisahau, nikapanga chupa tatu zenye kufungwa na waya inje, karibu na mulango.

Niko kwa mutoto wangu Katungu. Bwana yake alikatwa mapanga na waasi mu shamba ya kakao, na yeye alikuwa amejificha karibu, akasikia yote mpaka mwisho. Tangu pale analala na panga chini ya godoro. Mimi na kinywa yangu mubaya nilimupa jina "Mon Général", jenerali wangu. Alikuwa anacheka kidogo. Nikafikiri namuponyesha.

Leo saa sita ya muchana chupa ya kwanza ikapasuka. Pah! Kisha ya pili, ya tatu. Vioo ikaruka mpaka kwa mabati. Jirani akalala kifudifudi mu mavumbi, bibi yake akakimbia na mwiko mukononi. Na mimi nikacheka! Nikaingia nyumbani mbio nimwambie Katungu ni tangawizi tu.

Sikubisha hodi.

Alikuwa nyuma ya mulango. Panga ikashuka. Nilisikia mufupa kabla ya kusikia maumivu. Damu ikanirukia mu macho. Akainua tena. Nikaona uso wake: hakunijua. Mutoto mwenye nilibeba kwa mugongo, hakunijua.

"Katungu! Ni papa! Ni papa yako!"

Panga ikabakia juu. Kisha ikaanguka, na yeye akaanguka nayo.

Kwa dispensaire infirmier aliniuliza nani amenikata. Nikamwambia nilikuwa nakata limau.

"Muzee, ni limau gani inakatiwaka kwa bega?"

"Ya Beni. Yetu ya Butembo iko na adabu."

Akacheka, akashona.

Sasa Katungu amekaa kwa mulango, hanitazame. Nimemutengenezea kikombe ya tangawizi na limau, bila maganda, bila kufunika. Hajagusa. Tangu turudi amesema kitu moja tu:

"Papa, rudi Butembo. Siku ingine nitakuua."

Hakusema na hasira. Alisema sawa mutu anakuonya mvua inakuja.

Niandike ukweli, hapa hakuna padiri: nilitaka kwenda. Namuogopa mutoto wangu. Bus inaondoka kesho asubuhi na nafasi haikosake. Mais nikikimbia mimi baba yake, nani ataingia tena kwa huu mulango?

Kisha nikamwambia:

"Kuanzia leo nitakuwa naimba kabla ya kuingia."

"Unaimbaka vibaya, papa."

"Njo vizuri. Adui gani anaweza kuimba vibaya hivi?"

Ameinua kichwa. Amenitazama, mimi, si ule adui mwenye alikuwa anaona wakati aliinua panga.

Nabakia. Kesho naanza na zile za kanisa, jirani batavumilia.