Nyonga ya nyanya yako Vumilia

Mujukuu wangu Riziki,

Juzi Jumapili, kutoka misa, dada yangu Vumilia aliteleza akavunjika nyonga. Hawezi tena kusimama; yuko hospitali, daktari anataka kumpasua. Wengine ni wazima, wanakusalimu.

Kutoka masomo yako ya uuguzi kule Lubumbashi uliniuliza kama zamani wazee walivunjika nyonga kama leo. Nilikuwa tayari kujibu hapana: mwaka huu, katika parokia yetu, watano, utotoni kwetu Kiambi, hakuna.

Kisha nikakumbuka mama mukubwa wetu. Alianguka njia ya mtoni, wakamkanda kwa mafuta ya mawese, wakamlaza chumba cha nyuma. "Uzee umemushika," walisema. Hakutoka tena. Mama wa katekista vilevile. Nikahesabu upya, nikafika saba. Saba, Riziki, na mimi njo niliwapelekea uji. Hakuna aliyesema wamevunjika.

Leo watoto wa Vumilia wananiambia: "Mjomba, ni uzee tu, tumurudishe nyumbani." Mawese wameshanunua. Wanamtoa hospitali Alhamisi saa nne asubuhi. Naituma barua hii kwa simu. Apasuliwe ao hapana? Nijibu kabla ya saa hiyo.

Babu yako