Siku Tisa Tulizomdanganya Daktari

Dada Foibe,

Nimekasirika. Nilitaka kuanza kwa kukusalimu, nimeshindwa. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Bahi na hasira haijapungua hata kidogo. Nikifua nguo nimekasirika. Nikiingia kanisani ndiyo kabisa, maana nakumbuka katekista alivyosoma wasifu wako mbele ya watu wote: "Marehemu aliugua ghafla homa ya ini." Ghafla! Na wasifu ule niliuandika mimi, kwenye meza yako hapa nyumbani kwako Area D, Mama amesimama nyuma yangu. "Andika homa ya ini, basi," alisema. "Usiongeze neno."

Nikaandika. Nilishazoea.

Haikuwa ghafla, Dada. Ilikuwa miaka sita. Ilianza mumeo, Baba Tumaini, alipokuacha wewe na mtoto, akahamia Mwanza, na sitaki kumsingizia yeye, kwa sababu hakuwepo kukushikia glasi. Kila jioni ulirudi kutoka ofisini na chupa yako ya chai, na kila jioni niliisuuza mimi. Haikuwa na chai. Nilisuuza harufu ya pombe kali, nikaianika, asubuhi nikakukabidhi mkononi. Hukuwahi kuniambia, sikuwahi kuuliza. Ulikuwa katibu muhtasi unayechapa barua bila kutazama vidole, na Jumapili uko mstari wa mbele kwenye kwaya. Ulikuwa dada yangu uliyenibeba mgongoni kuvuka majaruba ya mpunga mwaka ule maji yalipojaa, mimi nalia kwa kuogopa ruba, wewe unacheka, "Damari, wakikuuma nitawauma na mimi!" Ningeanzia wapi kukuuliza?

Macho yako yalipogeuka manjano ulisema ni uchovu. Tumbo lilipovimba ulisema ni gesi. Mama akaja na mizizi yake ya kuchemsha, ukanywa wiki nzima, mpaka ukashindwa kusimama bafuni.

Tukakupeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana tu, labda umri wangu. Alikuuliza kwa upole, "Unatumia pombe?"

Ukajibu, "Hapana, Daktari. Mimi ni mwanakwaya."

Kisha ukanitazama. Nami nikatazama sakafu.

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Siku tisa walikutafuta ugonjwa. Walipima virusi vya ini, hakuna. Walipima hiki na kile, hakuna. Siku tisa ulikuwa unazidi kuwa wa njano kwenye shuka jeupe, na sisi wawili tunajua, tumenyamaza. Siku ya kumi ulianza kusema mambo yasiyoeleweka, ukaniita kwa jina la bibi. Nikamfuata daktari kwenye korido nikamwambia yote.

"Kiasi gani?"

"Kila siku. Miaka sita."

Akavua miwani. "Mngeniambia siku ya kwanza," alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea.

Akili ilipokurudia ukajua nimesema. "Umenivua nguo mbele za watu," uliniambia, ukageukia ukutani siku mbili. Siku mbili, Foibe! Na mimi nakulisha uji, nakubadilisha nguo, huniangalii.

Daktari alitueleza kwamba ini limewaka kwa pombe, na kuna dawa ya steroidi inayoweza kulituliza. Lakini dawa hiyo hulegeza kinga ya mwili, kwa hiyo kwanza walitibu maambukizi waliyoyakuta kwenye mkojo. Ndipo ukaanza vidonge, vinane vidogo kila asubuhi. "Tutaangalia damu siku ya saba," alisema. "Rangi hii ya manjano ikianza kushuka, tunaendelea hadi mwezi. Isiposhuka, tunaacha."

Siku ya tatu ulikula. Ulimaliza ndizi nzima ukaomba nyingine. Ukaniambia, "Nikitoka hapa, hiyo kitu sigusi tena," na mara ya kwanza katika miaka sita tuliitaja, ingawa uliiita "hiyo kitu." Mama Sele, jirani yetu wa hapa Area D, alikuletea supu ya kuku kila mchana akitokea sokoni, mkawa mnacheka kuhusu mbuzi wake. Niliamini. Nakwambia kweli, nilikwenda hadi mjini kukununulia kitenge cha kutokea hospitali.

Siku ya saba majibu yalikuja, na manjano ilikuwa imepanda.

Wakaacha dawa. Nilimgombeza daktari mbele ya wauguzi kama mwehu. "Kwa nini mnamnyima? Jana amekula!" Akanikalisha. "Hamu ya kula inaweza kuletwa na dawa yenyewe. Lakini ini halijaitikia. Nikiendelea kumpa, ninachomletea ni maambukizi tu." Mjomba Yohana akatangaza kwa ndugu wote kwamba hospitali imekukatia tamaa kwa makusudi. Haikuwa kweli. Daktari yule alikuja kila siku mpaka ile ya mwisho, ya kumi na moja tangu waache dawa, na siku hiyo alikushika mkono muda mrefu kuliko Mjomba.

Baadaye nilimuuliza kama tungesema mapema ungepona. "Sijui, Damari," alisema. "Wapo wanaowahi na dawa haiwasaidii. Wapo inaowasaidia mwezi ule, wakirudia pombe tunawapoteza baadaye. Lakini siku tisa zile nilizihitaji."

Sijui. Nitaishi na neno hilo, na wewe umelala.

Sasa sikiliza kilichotokea baada yako. Tulipokaa kikao cha ukoo kule Bahi kumaliza matanga, Mjomba alisimama akasema umerogwa. Akamtaja aliyekuroga: Mama Sele. Eti ile supu. Vijana wa ukoo wakaanza kupanga kwenda kwake Jumamosi kumhamisha kwa nguvu. Mama anaitikia kwa kichwa. Mama, anayejua! Nikatazama sakafu kama nilivyozoea. Kisha nikamfikiria Mama Sele akifungua mlango, na watu wamejaa uani kwake kwa sababu ya uongo wetu.

Nikasimama. "Foibe alikuwa akinywa pombe," nilisema. "Kila siku. Mimi nilimsuuzia chupa. Hakuna aliyemroga."

Mama alipiga yowe kama siku ya msiba. Mjomba akaniambia nitoke, nisirudi Bahi. Nimetoka. Mama hapokei simu yangu mpaka leo. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyekwenda kwa Mama Sele.

Tumaini wako alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Nilimkimbilia, nikidhani nimemuua na yeye. Msichana wa miaka kumi na tatu akaniangalia kwa macho makavu. "Nilijua, Mama mdogo," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua."

Unaona tulichomfanyia? Sote watatu nyumba moja, kila mmoja anaficha siri ileile kwa mwenzake. Hilo sijakusamehe. Sijajisamehe pia.

Anaishi nami sasa. Anauliza, nami najibu. Ameniuliza kama ulimpenda kuliko pombe, nikamwambia ulimpenda na ulikuwa mgonjwa, vyote viwili, na kwamba siku zile saba ulimeza kila kidonge bila kukumbushwa kwa sababu ulitaka kurudi kwake. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza.

Kwaheri, Dada. Lala, mimi nitaendelea kukukasirikia, ndiyo njia niliyobaki nayo ya kukupenda. Nakuahidi kumlea. Nakuahidi kuendelea kumpigia Mama hadi apokee. Na atakayeniuliza dada yangu alikufa kwa nini, nitamtazama usoni nimwambie.

Mdogo wako,
Damari