Hausigeli kwa Kaka Deo

Jumapili, 1 Juni 2025
Wanawake wa jumuiya walikuja kumwona mtoto wa wifi Dina. Nikawapakulia wali na kuku. Mmoja akausifu wali. Wifi akasema — hausigeli wangu huyo, nimemfundisha mwenyewe. Kanifundisha wali! Mimi niliyekulia Usevya, kwenye mpunga. Nimekuja hapa Mpanda kwa sababu kaka Deo aliniomba nimsaidie mkewe akijifungua. Nilitabasamu kama mjinga, nikarudi jikoni.

Jumanne, 3 Juni
Nimemuuliza wifi kwa nini ananiita hausigeli. Hakuona hata aibu. Akasema hausi ni nyumba, geli ni msichana — wewe si msichana? Hulali humu ndani? Sasa nimekukosea nini? Nikamwambia, kwa maana hiyo hata wewe ulikuwa hausigeli kwenu. Akasema hapana, kwetu nilikuwa mtoto wa nyumbani. Akanifungia mlango.

Jumatano, 4 Juni
Sijasema naye. Nepi za mtoto nimefua.

Alhamisi, 5 Juni
Mercy, mtoto wao mkubwa, leo kaniita dada. Nikamwambia mimi ni shangazi yako. Akasema mama kakataza, mtu wa kazi anaitwa dada. Nikamfunga viatu. Jioni nikamweleza kaka. Akasema hilo ni neno tu la Kizungu, nyie wanawake mnapenda maneno, nisimvunjie nyumba. Neno tu. Basi na yeye aitwe shambaboi huko kazini kwake, tuone.

Jumamosi, 7 Juni
Bosi wa kaka alikuja kula mchana. Nilipoleta maji ya kunawa akauliza huyu ni nani. Wifi alikuwa chumbani, ananyonyesha. Hakuwepo wa kumtisha kaka. Akasema mwenyewe, kwa mdomo wake — huyu anatusaidia kazi za nyumbani.

Nikaweka jagi chini. Nikavuta kiti, nikakaa, nikajipakulia. Nikamwambia mgeni, naitwa Fausta, mimi na Deo tumelala tumbo moja. Nikala. Mgeni akakumbuka kuna mahali anasubiriwa.

Sasa nimejifungia chumbani. Nguo ziko kwenye begi. Kaka yuko mlangoni — Fausta, fungua tuongee. Wifi yuko nyuma yake, anamwambia aniache niende, watapata mwingine.

Mwingine.

Nimesogea karibu na mlango nisikie kaka atamjibu nini. Bado hajamjibu.