Gari la Bibi Yako

Kigali, 16 Februari 1992. Leo nina miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Ujiji.

Mjukuu wangu Saidi, mume mwenzangu,

Mimi mzima, ila matofali yamenichosha mgongo, na Jumapili hapa Kinyinya sina wa kuongea naye.

Unauliza utununulie gari gani la mtumba, mimi na bibi yako, la kuhimili barabara mbovu. Ujanani nilikuwa nikiosha magari ya tajiri mmoja. Alinunua gari la namna hiyo, refu kwenda juu. Wanaume tulifungua boneti, tukasifu injini. Mkewe hakuna aliyemwita. Siku ya safari magoti yakamkatalia, tukamwekea kreti la soda akanyage.

"Nipakieni basi," akasema, "si mbuzi mnawapakia?"

Tukacheka wote. Baada ya hapo, kila safari alisema ana kazi nyumbani.

Basi tafuta lisilokunywa mafuta sana, lakini nenda na bibi yako. Apande na kushuka mwenyewe, mara tatu. Likimshinda liache, hata mafundi wakilisifu vipi.

Usinisubiri. Nategemea kurudi mwezi wa sita, nyumba tunayojenga ikishaezekwa. Mje wote wawili kunipokea.

Babu yako