Masaji ya Kwanza ya Mama

Jumamosi usiku

Kumbe nilihofia bure. Nilidhani Mama atakasirika nikimpeleka kukandwa na mtu asiyemjua, yeye ambaye hata daktari humfunulia mgongo kwa shida.

Dada wa kituo cha masaji pale Nyamagana alimpa shikamoo, akamweleza taratibu: kuna masaji ya mafuta, ya mawe ya moto, na ya kukandamiza misuli kwa nguvu.

“Ipi ambayo sivui nguo?” Mama akauliza.

“Ya miguu, mama. Unakaa tu kwenye kiti.”

“Basi hiyo hiyo. Na huyu binti yangu akae hapa nimwone.”

Nikakaa. Dada alipoanza kumkanda nyayo, Mama akatokwa na machozi. Nilishtuka, nikamwambia dada aache.

“Mwache aendelee,” Mama akasema. “Haniumizi. Tangu baba yako afariki, hakuna mtu aliyenishika hata mguu.”

Vitenge namnunulia, dawa namletea, lakini kumshika...

Sasa amelala chumba cha pili. Kabla hajalala nilimpaka mafuta mguu mmoja. Akanyoosha na wa pili bila kuambiwa.