Koti la Babu Yake Aroni

Kihesa, Iringa
Juni 2024

Kwa mdogo wangu Matilda,

Kamwene! Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama hayo magoti yako yatakushinda. Mimi ni mzima kadiri mzee wa miaka themanini na moja anavyoruhusiwa. Jino moja liliniaga Pasaka, manne yaliyobaki yanalinda mji. Binti yako Happy hajambo hapo Soweto ya Mbeya? Mwambie blanketi alilonitumia kutoka soko la Mwanjelwa nalivaa mpaka kanisani, mchungaji ameshaninunia.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwenye simu ungenikatia. Karatasi utaichana, lakini baadaye utaokota vipande uvisome.

Aroni amefariki, Matilda. Tumemzika wiki tatu zilizopita. Sikukupigia kwa sababu nilikuwa na jambo lingine la kukwambia pamoja na hilo, na mdomo uligoma.

Nianze na Eveline, mjukuu wangu anayesoma chuo hapa mjini. Mwalimu wao amewatuma kwa wazee wakaulize yale ambayo vitabu viliyaruka. Basi akaja na daftari, akaniuliza nilifundishwa nini. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tano, lakini hata hivyo nilifundishwa historia mbili. Kwanza misheni walitufundisha kwamba tulikuwa gizani, Mzungu akaja na taa ya ustaarabu. Ulipokuja Uhuru tukaambiwa mikutanoni hapana, sisi sote tulikuwa mashujaa, kila babu alimpiga Mdachi. Nikamwambia Eveline, mimi na upungufu wangu wa shule sikuelewa yote mawili. Huyo mwenye taa alichoma maghala ya mahindi ya watu. Na kama kila babu alimpiga Mdachi, Wadachi wenyewe walikuwa wachache kama meno yangu, ni nani aliyewabebea masanduku? Nani aliyeshika bunduki pembeni wakati wanatunyonga? Eveline akacheka. Akasema, babu, mwalimu wetu naye anauliza hivyohivyo.

Kisha akatoa simu akanionyesha picha aliyoipata, imehifadhiwa Ujerumani. Ni ya vita ile ya Wadachi na Waingereza. Kuna askari mweusi wa Mdachi, kofia ya tarabushi, vifungo vinang'aa. Nyuma yake wapagazi wamefungwa kamba shingoni, mizigo kichwani. Chini limeandikwa jina la askari. Ni Luvanda, babu yetu, yuleyule tuliyeambiwa alikaa mapangoni miaka yote akikataa kumtumikia Mdachi. Pua ni ya baba kabisa.

Sasa unajua naelekea wapi. Unaikumbuka siku ya posa yako mwaka sitini na nane. Mshenga wa Aroni alikaa sebuleni kwetu, ukoo umejaa, baba amelala na kifua hawezi kusema, na mimi mzaliwa wa kwanza nikasema kwa niaba yake. Nikauliza ukoo wa kijana, kama desturi ilivyo. Halafu nikasimama nikasema hatumtoi binti kwa watoto wa askari wa Mdachi. Ushahidi wangu ulikuwa koti. Kijiji kizima kilijua babu yake Aroni alirudi vitani amevaa koti la kijeshi, na alilivaa mpaka likamwishia mgongoni. Wazee wakaguna, wakakubali. Aroni alikuwa amesimama nje mlangoni, akasikia, akashika baiskeli yake akaondoka. Wewe ukaenda Mbeya, ukaolewa na yule bwana aliyekuvunja mkono.

Ukweli wa koti ni huu, kama Aroni alivyonisimulia kabla hajafa. Babu yake Aroni alikuwa mpagazi. Alikamatwa shambani, akabebeshwa mizigo mpaka kusini, nguo zikamwishia mwilini. Koti alilitoa kwa maiti njiani kwa sababu ya baridi. Babu yetu alipofika nyumbani aliifukia sare yake, akavaa nguo zake, akaanza kusimulia. Mwenzake hakuwa na nguo nyingine.

Lakini mdogo wangu, la babu yetu sikulijua kwa Eveline. Asubuhi ya kikao baba aliniita kitandani, akaniambia kwa sauti ya kukwaruza kwamba babu alivaa tarabushi, na kwamba ukoo wetu hauna mdomo wa kumkataa mtu kwa sababu ya Mdachi. Nilijua, Matilda. Nilijua kabla sijafungua mdomo. Wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeposa kwa mzee wa kanisa, mtu aliyejivunia kwamba kwao hakuna aliyemtumikia Mzungu. Niliogopa watu wakianza kuchimba watachimba na kwetu, nikawaelekeza kwa jirani. Mke wangu nilimpata kwa mdomo uleule uliokunyang'anya mume.

Aroni alipolazwa nilikwenda kumwambia. Nilianza na utani kama kawaida yangu, nikamwambia asitangulie mbinguni akachukua viti vyote. Akacheka, akakohoa. Nilipomaliza kumwambia la tarabushi, akasema anajua. Babu yake alimwambia tangu yuko mdogo, kwa sababu masanduku aliyobeba yalikuwa ya kikosi cha Luvanda. Nikamuuliza kwa nini basi hakuingia akasema siku ile, kikao kingegeuka. Akaniambia uliokuwa ndani ni ukoo wako wewe, Matilda, nawe ulikuwa chumba cha pili unasikiliza. Hakutaka uaibike mbele ya wazee. Akauliza kama mkono wako ulipona vizuri.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa wanaweka msalaba kaburini. Nimemwomba mwanawe, Saulo, anipe nafasi ya kusema mbele ya watu. Nitasema yote, hata mchungaji akininunia mara ya pili. Nilitaka wewe usikie kwanza. Ukija, nitasimama stendi kukupokea. Usipokuja, nitajua jibu lako, wala sitakupigia kukuuliza.

Nisalimie Happy na watoto wake, na akina mama wa kwaya hapo Soweto. Eveline anakusalimia. Mungu akulinde, mimi anishughulikie anavyoona.

Ndimi kaka yako,
Sedekia Luvanda